Mwanangu, kuhusu zile bia mbili za Krismasi

Baba angu,

Marahaba. Meseji yako ya juzi usiku nimeisoma nikairudia, ndo maana sikukujibu haraka. Uliandika hivi: "Mama nakuja Krismasi, hivi kweli kwa hizi dawa siwezi kunywa hata bia mbili na kina baba mdogo? Dokta alisema tu niepuke pombe, hakufafanua. Na je nikiruka dawa siku hiyo moja tu?" Nimeona nisikutumie voisi maana voisi utaisikilizia kwenye daladala uishie katikati, nakuandikia ukae usome yote.

Jibu langu ni hapana, Krismasi hii hapana, na hilo la kuruka dawa ndo hapana kabisa. Ila we sio mtoto wa kuambiwa acha halafu basi, na mi nimekaa duka la dawa miaka mingi najua mtu mzima ukimkataza bila kumpa sababu anaenda kujaribu mwenyewe, kwa hiyo sababu nakupa.

Tuanze na lithiamu, hiyo dawa yako kubwa ya bipola, ugonjwa wa kupanda na kushuka. Ile ni chumvi, na figo zako zinaishughulikia kama zinavyoshughulikia chumvi ya mezani, yaani mwili ukipungukiwa maji au chumvi ya kawaida, figo zinaanza kubana, zinarudisha chumvi mwilini, na lithiamu inarudishwa humo humo badala ya kutoka na mkojo. Kipimo chako cha mwisho cha lithiamu kwenye damu kilisoma 0.8, dokta anataka ucheze kati ya 0.6 na 1.0, na ikifika 1.5 hapo tunaongelea sumu. Ona mwenyewe hapo katikati palivyo padogo. Marekani miaka ya 1940 waliwahi kuuza lithiamu kama chumvi mbadala kwa wagonjwa wa moyo waliokatazwa chumvi, watu wananyunyizia tu kwenye chakula, kumbe mwili usio na chumvi ya kawaida unaishikilia yote, watu wakafa na mwaka 1949 ikapigwa marufuku. Na mwaka huo huo wa 1949 John Cade kule Australia ndo aliandika kwamba inatuliza wagonjwa wa akili waliopanda, yaani waliochangamka kupita kiasi. Dawa ni ile ile baba, iliyoua huku ikaponya kule, kilichotofautisha ni kupima na kuangalia maji na chumvi mwilini.

Sasa bia inakufanya nini? Inakukojoza. We tayari lithiamu inakupa kiu na kukimbilia chooni, uliniambia mwenyewe, ongeza na bia, ongeza na kucheza mziki mpaka unalowa jasho, ongeza na kutapika au tumbo kuharisha maana Krismasi ya huku unaijua, nyama ya asubuhi nyama ya jioni na mbege iliyokaa. Maji yanaisha, lithiamu inabaki inapanda.

Na hapa ndo penye kuninyima usingizi. Mtu ambaye lithiamu imempanda mikono inatetemeka vibaya, anatapika, anaharisha, ulimi unakuwa mzito, anayumba akitembea, anachanganyikiwa. Sasa niambie, mtu kama huyo ukimuona saa sita usiku tarehe 25 Desemba pale kwa baba mdogo utasema ana nini? Utasema kalewa. Watakulaza kwenye kochi wakufunike shuka, waseme mwacheni alale kesho atapata mtori atakaa sawa, na wewe muda huo unatakiwa uwe hospitali na dripu mkononi. Hawatakuwa na roho mbaya, watakuwa wanakuonea huruma kabisa, na ndo huruma itakayokuchelewesha.

Afu asubuhi yake. Hii nimeiona kaunta sio mara moja wala mbili, Krismasi, mwaka mpya, Pasaka, vijana wanakuja macho mekundu, "mama nipe diklopa kichwa kinapasuka", mwingine anataka brufeni. Kwa mtu mwingine nitampa, kwa anayetumia lithiamu sitoi, kwa sababu diklofenaki, ndo hiyo diklopa, na brufeni zinafanya figo zishikilie lithiamu, kwa hiyo unakuwa umekauka kwa pombe halafu lithiamu unaifungia mlango wa kutoka kwa kidonge cha hangova. Hili lishike hata bila pombe, jino likiuma, mgongo ukiuma, umeumia mpirani, usinunue hivyo vidonge kiholela, sema kabla "natumia lithiamu".

Olanzapini, ile dawa yako ya pili, nayo uimeze usiku ule ule wa bia? Inaleta usingizi yenyewe, pombe inaleta usingizi, zikikutana zinazidishana, na zote zinaweza kushusha presha ukisimama ghafla. Unainuka kwenye kiti kizunguzungu hicho, na njia ya kushuka kutoka kwa baba mdogo unaijua ina makorongo pande zote na bodaboda za usiku ule dereva naye kanywa.

Lakini hata tungesema dawa zote hizo hazina shida na pombe, bado ningekukatalia kwa sababu ya usingizi. Pombe inakudanganya, unalala haraka kama umepigwa rungu, halafu saa nane saa tisa usiku macho hayo, nusu ya pili ya usiku ni kugeuka geuka tu. Mtu mwingine anaamka amechoka basi. Wewe ukikosa usingizi unapanda. Kumbuka ile sendofu ya rafiki yako wa kazini kabla hujalazwa, mlikunywa mkakesha, kesho yake ukanipigia alfajiri unaongea haraka mpaka nikawa nasema polepole baba sikusikii, keshokutwa ushalipa advansi ya bajaji mbili na unaniambia hulali kwa sababu usingizi ni wa watu wasio na mipango, nilikaa kitandani na simu mkononi namuangalia baba yako sijui nimwambie nini. Sisemi bia ndo ilileta ugonjwa, hapana, ila kukesha na pombe vilikuwepo pale mlangoni, na mimi mlango ule sitaki tuufungue tena wakati umekaa sawa, kazini wanakuheshimu na deni la bajaji ndo kwanza umemaliza.

Sasa hili la kuruka dawa siku moja ili unywe. Najua mmoja kakushauri, huku kwetu kila mtu ni daktari. Lithiamu ukiiacha leo asubuhi jioni bado imo mwilini, inachukua kama siku nzima kupungua nusu, olanzapini ni zaidi hata ya siku, kwa hiyo hujatengeneza nafasi yoyote ya kunywa, bia itazikuta dawa humo humo. Ulichopata ni hasara mbili, pombe imeingia na dawa imeyumba, na ukiruka moja ya pili inakuwa rahisi, tarehe 25 umeruka kwa bia, tarehe 26 umeamka na hangova hutaki kumeza kitu, tarehe 27 unajisikia vizuri unasema mbona sina shida, na lithiamu ukiikatisha ghafla ndo inakurudisha kupanda kwa kasi. Nimeliona kwa wateja wangu na sitaki kuliona kwako.

Na hizo bia mbili tuzihesabu vizuri. Chupa ya nusu lita ya asilimia 5 ina mililita 25 za pombe yenyewe, mbili ni 50. Konyagi ni asilimia 35, ile chupa ya mililita 200 ambayo mjomba wako anaiita ndogo ina 70, karibu bia tatu, na akikuchanganyia na eneji drinki hutalala mpaka kuche. Mbege hamna anayeipima, ya kwa bibi sio ya kwa jirani, ya leo sio ya keshokutwa, na kata ikizunguka nani anahesabu? Na huku nyumbani bia mbili ni za kufungulia mazungumzo tu, ukimaliza ya pili kuna mtu ameshakuagizia ya tatu na ipo mezani imefunguliwa. Halafu asubuhi ya kuzimua.

Nikuulize kitu nami, na usinijibu kwa kunifurahisha. Huko Dar unakunywa? Sikuulizi nikugombeze. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 1990 ulikuta watu wenye bipola kamili, hiyo aina yako, karibu nusu walishawahi kuwa na tatizo la pombe katika maisha yao, karibu nusu baba, kwa hiyo sio tabia mbaya wala malezi, ugonjwa wenyewe unavuta huko, mtu ameshuka anatafuta kitu cha kumuinua, mtu amepanda anataka kitu cha kumtuliza. Kama ni kila siku au karibu kila siku, usiamke kesho ukaacha ghafla kwa sababu ya barua yangu, mwili uliozoea pombe nyingi ukikatishiwa ghafla unaweza kupata degedege, mwambie dokta akupangie. Na kama ulishapitiwa ukanywa siku moja mbili, usijiadhibu kwa kuacha dawa, nipigie, hata iwe usiku.

Kuhusu watu wa nyumbani usijipe stresi. Hapa wanaojua hali yako ni baba yako, mimi na shangazi. Wengine ukiletewa chupa sema "niko kwenye dozi" na ufunge mdomo. Hamna mnywaji wa nchi hii asiyeheshimu neno dozi, hatakuuliza dozi ya nini, na sio uongo. Ikija kata ya mbege ipokee kwa mikono miwili, washukuru wazee, mpe aliye pembeni yako. Malta na soda ya tangawizi nitanunua kreti nzima, na baba yako ameshasema atakaa upande wako wa meza. Sikwambii ni hivi maisha yako yote. Wapo madokta wanaomruhusu mtu aliyetulia muda mrefu kunywa kidogo, hilo muulize dokta wako mwakani ukiwa umekaa sawa, mimi sio wa kulitolea ruhusa na mjomba wako sio wa kulitolea ruhusa.

Kabla hujasafiri fanya haya. Nenda kapime lithiamu, na damu itolewe masaa 12 baada ya dozi ya mwisho, kama umemeza saa tatu usiku basi saa tatu asubuhi, kidonge cha asubuhi subiri mpaka utoke maabara. Chukua dawa za siku zaidi ya zile utakazokaa maana mabasi ya kurudi mwezi huo unayajua, na ziweke kwenye begi la mapajani, sio buti. Na njiani kunywa maji. Najua watu hawanywi maji kwenye basi kwa kuogopa kuchimba dawa, wewe kunywa, mwambie konda mapema una shida ya mkojo akusimamishie, na ukate siti ya karibu na mlango. Tiketi ukishakata nitumie picha nijue ni basi la saa ngapi, baba yako atakuja kukupokea stendi.

Mama yako