Babu wa Mawe anajibu: Yai, jani na mfupa ambavyo labda ni mawe tu

Barua za safari hii karibu zote zinauliza kitu kimoja: nimeokota jiwe, linafanana na kitu fulani, je ni kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyohifadhiwa ardhini? Nimechagua tano, zingine mtanisamehe.

Shikamoo Babu. Nimepata jiwe la mviringo kama yai, ukubwa wa ngumi mbili, rangi ya kahawia, zito balaa. Nimeligonga na nyundo likabanduka ganda kama yai la kuchemsha, na chini yake kuna ganda lingine. Washkaji wanasema ni yai la dinosaria nisilitoe kwa bei ya kutupa. Ni kweli? (Mwenye Yai)

Marahaba mjukuu wangu. Kwanza weka nyundo chini, kipande cha jiwe kikiruka jichoni hutakuwa na hamu ya visukuku tena. Pili pole, maana umejijibu mwenyewe uliposema "chini yake kuna ganda lingine". Yai lina ganda moja tu, basi, na hata la dinosaria unene wake ni milimita chache. Kitu kinachobanduka tabaka baada ya tabaka kama kitunguu hicho ni donge la madini. Linatokea hivi: maji yanapenya kwenye mchanga au tope yakiwa yamebeba chokaa au chuma kilichoyeyuka, yakifika kwenye kitu kidogo, labda jani linalooza au kipande cha kombe, madini yanaanza kuganda hapo, yanazunguka, yanaongezeka mpaka donge linakuwa gumu kuliko mwamba wenyewe, halafu miaka mingi baadaye mwamba laini unamomonyoka donge linabaki limekaa peke yake kama vile kuna ndege kalitaga. Kule Moeraki, New Zealand, yako ufukweni mengine yanafika kipenyo cha mita 2, sasa sijui huyo kuku angekuwa na ukubwa gani.

Yai la kweli mara nyingi halipendezi hivyo. Limebonyea, limepasuka vipande vipande kama vigae vilivyokanyagwa. Chukua lenzi uangalie uso wa ganda, utaona vitundu vidogo sana ambavyo kifaranga alikuwa anapumulia, na vinundu au mistari juu yake. Angalia na pale lilipovunjika, ganda linaonekana ni kitu tofauti kabisa na tope lililojaa ndani. Lako la kahawia, zito, maganda ya kutu, hilo ni chuma.

Ila usilitupe! Mabonge mengine yana kisukuku ndani, ndo kile kitu kidogo nilichosema madini yanaanza kukizunguka. Kule Mazon Creek, Illinois, watu wanaokota mabonge ya chuma yenye majani na wadudu wa zaidi ya miaka milioni 300, na hawayapondi ovyo, wanayaloweka kwenye maji wanayagandisha kwenye friza, wanayayeyusha, wanagandisha tena, mpaka yapasuke yenyewe pale palipo dhaifu, na palipo dhaifu mara nyingi ndo pale jani lilipolala. Inachukua muda lakini ni bora kuliko nyundo yako.

Babu, mi nina jiwe bapa rangi ya krimu, lina picha za majani meusi kama feni ndogo, yamechorwa vizuri mpaka unashangaa. Hili sasa si kisukuku jamani?

Hapana dada yangu, na hili limedanganya wengi kuliko hata mayai. Ni madini ya manganizi yaliyoingia kwenye ufa wa jiwe yakiwa kwenye maji, yakatawanyika huku yanaganda, yakatoa matawi na vitawi. Fuata tawi moja kwa kidole taratibu. Utaona linaanzia ukingoni mwa jiwe au kwenye mpasuko na linasambaa tu kuelekea ndani, hakuna kikonyo, hakuna mshipa wa katikati, hakuna ukingo ambapo jani linaishia. Jani la kweli lina mpangilio, mshipa mkubwa, midogo inatoka humo, na umbo linajirudia kutoka jani hadi jani. Usijione mjinga lakini, maana kuna sehemu vitu hivi viwili viko pamoja: mawe ya chokaa ya Solnhofen, Ujerumani, yamejaa hii michoro ya manganizi, na ni mawe hayohayo yaliyotoa mabaki ya Archaeopteryx mwaka 1861, yule mwenye manyoya ya ndege na meno ya mjusi.

Eti ni kweli mfupa wa kale unaujua kwa kuulamba?

Kweli, na ndio, nimeshalamba. Mfupa una vitundu vidogo sana ndani yake, vinafyonza mate, ulimi unanasa kidogo. Shida ni kwamba udongo mkavu wa mfinyanzi nao unanasa vilevile, na mfupa ambao vitundu vyake vyote vimeshajazwa madini haunasi kabisa, kwa hiyo utakuwa umelamba uchafu wa watu bure. Angalia pale ulipovunjika. Mfupa nje ni mgumu na umeshikana, ndani una matundumatundu kama mkate au sponji, na mpaka kati ya sehemu hizo mbili unauona kwa macho. Jiwe la kawaida ndani ni lilelile mwanzo mwisho.

Mi mwenyewe nilikaa na "goti" miaka minne, nimeliweka kabatini, wageni nawaonyesha, kichwa cha mfupa kabisa na kishimo cha kuungia. Siku likaanguka sakafuni likapasuka, ndani laini linang'aa kama kioo cheusi, gumegume tupu, lile jiwe gumu la kuwashia moto! Gumegume linapenda sana maumbo ya vifundo na vidole vya miguu, na macho yetu nayo yanapenda kuona viungo vya mwili kila mahali. Kwa hiyo umbo usiliamini peke yake, hata likiwa umbo zuri namna gani, tafuta kilichomo ndani.

Kuna na kukosea kwa upande wa pili. Mwaka 1677 Robert Plot wa Uingereza alichora kipande cha mfupa wa paja, akajua kabisa ni mfupa, akaishia kusema ni wa binadamu jitu. Leo unahesabiwa kuwa wa dinosaria.

Nimeuziwa kaharabu yenye mdudu ndani. Nitajuaje kama ni ya kweli?

Kwa kifupi: kaharabu ni utomvu wa miti ya kale uliokaa ardhini mpaka ukawa mgumu kama jiwe. Weka tone la asitoni, ile ya kutoa rangi ya kucha, kwenye pembe isiyoonekana. Ikilainika na kunata hiyo ni sandarusi, utomvu ambao haujakaa ardhini muda wa kutosha. Kwenye maji yaliyokolea chumvi kaharabu na sandarusi zote zinaelea, ila plastiki nyingi na kioo vinazama. Na kama mdudu ni mkubwa, mzima, amekaa katikati kabisa kama anapiga picha ya paspoti, mimi ningemshuku.

Babu, na hao wasomi wenyewe hawakosei?

Wanakosea sana tu. Mwaka 1865 kuna mchoro wa matabaka kwenye mawe ya Canada ulipewa jina Eozoön, yaani mnyama wa alfajiri, ikasemwa ndo kiumbe cha kale kuliko vyote, watu wakabishana miaka na miaka. Mwaka 1894 mchoro uleule ukaonekana kwenye vipande vya chokaa vilivyotemwa na volkano ya Vesuvius, ambako joto peke yake lilitosha kuutengeneza. Mnyama akafia hapo. Na juzijuzi, 2016, watafiti walitangaza vijilima vidogo kwenye miamba ya Greenland ya miaka bilioni 3.7 kuwa vimejengwa na vijidudu, 2018 wengine wakaviangalia kwa pande zote badala ya upande mmoja tu, wakaona vile vilivyoonekana kama pia za kuchezea ni matuta marefu yanayoingia ndani ya mwamba, na wakasema ni mwamba wenyewe ulivyokunjwa na kubanwa. Angalia, upande mmoja tu ulikuwa umewadanganya.

Ndo maana wewe Mwenye Yai nataka picha nyingine, safari hii ya pale palipobanduka, ya pembeni na ya chini, na uweke rula.