Farumi, shehena na tungamo: maneno ya mzigo uendao angani

Swali: "Shikamoo, Mwalimu. Nafundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa Nakuru. Wanafunzi wa chama chetu cha sayansi wameniomba niwatafsirie habari ya vyombo vinavyopeleka mahitaji kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, nami nimekwama mahali pawili. Nikiandika 'uzito wa mzigo', je, nakosea, maana kule juu vitu huelea? Tena habari inasema chombo kiliongezewa balasti ili kikae sawa. Wanafunzi wangu wanajua balasti ni kokoto za kujengea. Hakuna neno jingine?"

Marahaba, Mwalimu. Nianze na hilo la pili, kwa sababu neno lipo, ni letu, na natamani lirudi midomoni mwa watu: farumi.

Farumi ni kitu kizito kinachowekwa chini, tumboni mwa chombo, ili kisiyumbe wala kupinduka. Jahazi likishusha shehena na kurudi tupu hukaa juu mno majini, na upepo ukilipiga ubavuni linaweza kulala. Ndiyo maana hutiwa mawe au mchanga. Mawe hayo hayana mnunuzi wala mtu anayeyangoja bandarini. Yamepakiwa kwa ajili ya chombo chenyewe. Ndugu yake farumi unamtumia kila siku pengine bila kumjua: mrama. Tukisema mambo yameenda mrama, tunakitaja chombo kinacholalia ubavu huu, kisha ubavu ule. Mrama umepanda bara mpaka Nakuru na Kigoma, umeingia bungeni na magazetini. Farumi imebaki pwani na kwenye kamusi, ilhali maneno haya mawili ni ya safari moja.

Balasti siikatai. Nchini Kenya imeshika kwa maana ya kokoto, na fundi umeme naye anayo balasti yake ndani ya taa ya mrija. Maana hizo mbili zinatosha. Ukiibebesha ya tatu, mwanafunzi ataona lori la mawe linapakuliwa ndani ya roketi.

Je, farumi inafaa mahali pasipo maji wala upepo? Inafaa kabisa, kwa kuwa kazi haijabadilika. Chombo cha anga kina kitovu chake cha uzito, yaani ile nukta ambayo ungeweza kukiegemeza hapo kisiinamie upande wowote. Injini ikisukuma kwa mstari usiopita katika kitovu hicho, chombo huanza kugeuka, na vijiinjini vya pembeni hulazimika kuchoma mafuta ili kukirudisha. Kwa hiyo wapangaji wa shehena hujua kilo za kila mfuko na mahali utakapofungwa. Mara nyingi shehena yenyewe, ikipangwa vizuri, humaliza kazi: mzito huku, mwepesi kule. Hapo usiseme farumi. Chakula, nguo na maji vilivyopangwa kwa akili bado ni shehena, kwa sababu kuna watu wanaovingoja. Farumi ni kile kinachoongezwa kwa ajili ya mizani tu.

Mfano ninaoupenda zaidi hautoki kwenye kituo, unatoka sayari ya Mihiri, yaani Mars, na wanafunzi wako wataufurahia. Gari la utafiti la Curiosity lilipowasili huko Agosti 2012, chombo kilicholibeba kilikuwa na farumi za tangsteni. Kabla ya kuingia katika hewa ya sayari kilitupa mbili za kilo 75 kila moja, ili kitovu cha uzito kihame kidogo pembeni. Chombo kikaingia kimeinama, na ule mwinamo ukakipa nguvu ya kujiinua na kujiongoza hewani. Kabla mwavuli haujafunguka kikatupa nyingine sita za kilo 25 kila moja, kikarudi kukaa wima. Angalia basi: farumi haikiweki chombo wima tu, huweza pia kukiinamisha kwa makusudi. Nahodha wa tanga hawezi kulishangaa hilo. Katika mashindano ya mashua kule Lamu mabaharia hukaa juu ya ubao uliotokeza nje ya ubavu, wakisogea mbele na nyuma kadiri upepo unavyobadilika, miili yao ikiwa ndiyo farumi. Chombo cha Dragon kinachobeba wanaanga nacho kina farumi inayosogezwa, ili mwinamo wake urekebishwe kinaporudi duniani.

Sasa uzito. Hapa shaka yako ina msingi, lakini isikutishe. Kituo kiko kama kilomita 400 juu yetu, na huko mvutano wa dunia bado ni karibu asilimia 90 ya huu wa ardhini. Vitu huelea kwa sababu kituo na kila kilichomo vinaanguka pamoja, vikiizunguka dunia bila kuigusa. Mizani ya bafuni ingesoma sufuri. Kisichopungua ni tungamo, yaani wingi wa maada iliyomo katika kitu. Vitabu vingine huita masi. Sanduku la kilo 200 linaloelea bado linataka nguvu kulisukuma na nguvu kulisimamisha, na mwanaanga akiacha vidole kati yake na ukuta ataumia. Hata wanaanga wenyewe hawapandi mizani: hupima tungamo kwa kifaa chenye springi, wakiangalia mwili unavyoitika unapovutwa au kubembezwa.

Kwa hiyo ukieleza maisha ya ndani ya kituo, andika tungamo. Ukieleza roketi ikiwa bado ardhini, uzito si kosa. Hata sokoni tunapima uzito kwa kilo na hakuna anayepotea. Ila kwa habari ya kawaida nakushauri uyaache yote mawili. Kiswahili hakilazimishi jina hapo. "Shehena ya tani 2.5" imekamilika, na ndicho kiasi, kwa kukadiria, ambacho Progress, chombo cha mizigo cha Warusi, hubeba. Kuandika "shehena yenye uzito wa tungamo la tani 2.5" ni kumchosha msomaji bure. Angalia pia vipimo: taarifa za Wamarekani mara nyingi huja kwa ratili, na ratili moja ni kama gramu 454. Wengi siku hizi husema paundi, lakini ratili bado inaeleweka.

Kuna kitu cha tatu kinachoweza kukuchanganya. Roketi ya Antares iliporuka mara ya kwanza, Aprili 2013, haikubeba Cygnus, chombo kinachopeleka mahitaji kituoni. Ilibeba kitu cha kilo 3,800 kilichotengenezwa kishike nafasi yake, ili roketi ijaribiwe. Cygnus yenyewe ilienda kituoni Septemba mwaka huo. Hicho si farumi wala si shehena. Mimi hukiita mzigo wa majaribio.

Sentensi yako basi iwe: "Chombo kilitiwa farumi ili kikae sawa." Kitenzi ni kutia, kama wasemavyo mabaharia, na zikiondolewa safarini, kama zile za Mihiri, zimetupwa. Ngeli ni i-/zi-: farumi imesogezwa, farumi zimetupwa. Na meli kubwa za leo, zinazojaza maji ya bahari katika matangi yake badala ya mawe, zinabeba maji ya farumi.