Mzee asiache dawa ya kolestro kisa kapsuli za vitamini E

Mkuu umeuliza kama baba yako aache vidonge vya kolestro ahamie kapsuli za vitamini E, maana muuzaji kamwambia zinasafisha mishipa. Asiache kabisa. Mimi natumia dawa hizo hizo hapa Mwanza na daktari wangu alinichorea mshipa kwenye karatasi nikaelewa.

Iko hivi, kolestro mbaya, ile LDL, ikizidi inapenya inajibanza kwenye ukuta wa mshipa, na ikikaa humo inachacha kama mafuta ya zamani, seli za ulinzi zinaimeza mpaka zinajaa mafuta, hapo ndo utando unaanza. Na huku ukuta wa ndani wa mshipa kazi yake ni kutengeneza hewa inaitwa nitriki oksaidi, hiyo ndo inalegeza mshipa damu ipite vizuri (wanasayansi Furchgott, Ignarro na Murad walipata tuzo ya Nobel 1998 kwa hiyo hiyo). Sasa chembe haribifu za oksijeni zinaidaka kabla haijafanya kazi, mshipa unabaki umekaza. Antioksidanti, kama vitamini E na C, zinazizima hizo chembe.

Kwa hiyo muuzaji hajatunga kila kitu. 1997 Marekani watu 20 wazima walilishwa mlo mmoja wa gramu 50 za mafuta, mishipa ya mkono ikashindwa kutanuka vizuri kwa masaa kadhaa, ila walipotanguliziwa vitamini C na E ikatanuka kama kawaida. Lakini hayo ni masaa mkuu, sio miaka! Uingereza wakafuatilia watu zaidi ya 20,000 kwa miaka 5, majibu yakatoka 2002, vitamini E, C na beta-karotini hazikupunguza shambulio la moyo wala kiharusi, wakati kwenye utafiti huo huo simvastatini, dawa ya kolestro, miligramu 40 ilipunguza kwa karibu robo. Hapo mimi sina cha kubishana tena.

Antioksidanti mpe kwenye sahani. Matembele, mchicha, nyanya, mapera, maembe ya msimu, vyote viko sokoni na havina bei ya kapsuli. Kwangu dagaa wa soko la Mwaloni tunawaosha maji ya moto, tunachemsha na nyanya na ngogwe, limao juu, mafuta kijiko tu. Ile ya kukaanga barabarani muepushe, chungulia karai la chipsi saa mbili usiku uone mafuta yalivyo meusi yanatoa povu, yamechemshwa weee tangu mchana, yameshaharibika kabla hata hayajaingia mwilini.

Kama kapsuli ameshanunua, akienda kliniki abebe na kopo lake amwonyeshe daktari, hasa kama anatumia waferini au dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda, maana vitamini E ya dozi kubwa juu yake inaweza kumletea kuvuja damu. Na waombe apimwe tena kolestro, LDL yake ujue imefika ngapi.