Ukibuni dunia, anza na kinachokosekana

Waandishi chipukizi wa fantasia wakinitumia kazi zao, mara nyingi hutanguliza maajabu: joka, upanga unaosema, mtoto aliyetabiriwa kabla hajazaliwa, falme zenye wafalme mpaka babu wa babu. Kisha huniuliza waanzie wapi. Mimi nami huwauliza: watu wa dunia hiyo wanakosa nini? Nikijibiwa hilo, naanza kuiona nchi yenyewe.

Chukua nyumba za kale za mawe za Lamu. Ukiingia ndani utaona vyumba ni virefu na vyembamba, na upana wake hauzidi sana mita tatu. Dari yake nzito ya mawe na chokaa imebebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ikizidi urefu huo huanza kupinda. Mwenye mali hakuweza kununua upana. Aliweza kurefusha chumba, au kuongeza kingine nyuma ya cha kwanza, na cha tatu nyuma ya hicho. Ndiyo maana mgeni hupokewa kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, akiruhusiwa hufika kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, na mbele yake kuna msana, yaani ukumbi mrefu unaoelekea uani, kisha vyumba vya ndani ambavyo pengine hatavikanyaga maisha yake yote. Mti unaoota kwenye matope ya maji chumvi umesaidia kuamua nani aonwe na nani asionwe. Mwandishi anayejua jambo hilo hahitaji kutuandikia kurasa za mila na desturi. Amtembeze tu mgeni kutoka mlangoni, tutaelewa.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: badilisha jambo moja tu la dunia tunayoijua, kisha ulifuate bila huruma mpaka jikoni.

Katika hadithi ninayoiandika sasa nimebadilisha maji. Huku pwani bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya kina huweza kufika mita nne. Katika nchi yangu maji hupwa miezi sita na kujaa miezi sita. Hapo ndipo ubunifu wangu ulipoishia. Yaliyobaki yalikuja kwa kuuliza maswali. Bahari ikiondoka nusu mwaka, watu watalima chini yake? Watalima, lakini udongo una chumvi, basi lazima mvua ya kwanza iuoshe, na atakayetawala mashimo ya kukingia maji ya mvua atakuwa ameshika shingo za wenzake. Mipaka ya mashamba inafutika kila mwaka, basi mtu wa kuogopwa kuliko mfalme ni yule mzee anayekumbuka shamba la nani liliishia wapi. Deni la kiangazi lazima lilipwe kabla maji hayajarudi. Na maiti? Hakuna atakayemzika mamaye mahali ambapo bahari itamfunika, kwa hiyo wenye vilima wanauza makaburi, na bei yake hupanda mwaka wa maradhi. Nahodha naye hukaa miezi sita chombo kikiwa juu ya magogo, anakula kwa mkopo, na anayemkopesha ni mwenye kilima. Hapo vita imeshaiva, wala sijamwita mfalme mwovu hata mmoja.

Nilipokwama nilikwenda pwani ya mashariki ya Unguja kuwatazama wanawake wanaolima mwani. Kilimo hicho kilianza kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1980, na kalenda yake ni ya maji: siku ambazo bahari hupwa mbali ndizo za kazi, na mapishi, safari, hata kumtembelea mgonjwa hupangwa kwa kuzizunguka. Niliongea na mama mmoja aliyekuwa anafunga vipande vya mwani kwenye kamba iliyokazwa kati ya vigingi viwili. Mikono ilikwenda yenyewe, fundo baada ya fundo, na wakati wote tukizungumza hakunitazama wala hakutazama mikono. Macho yake yalikuwa kule mawimbi yanakovunjikia. Nimempa mhusika wangu mmoja macho hayo. Yuko barazani kwa kadhi, anashitakiwa, jibu lake linasubiriwa, naye anatazama upeo wa bahari. Sikuhitaji kueleza kwamba nchi hiyo inaishi kwa hofu ya maji.

Kuhusu uchawi, hazina tunayo nyumbani. Mganga wa hadithi zetu hatoi dawa bila masharti: usigeuke nyuma, usimjibu atakayekuita, ukifika nyumbani usimwambie mtu neno. Msomaji akisikia masharti anajua yatavunjwa, na anaanza kungoja lini na kwa sababu gani. Nguvu isiyo na sharti inaua hadithi, kwa kuwa shujaa anaweza kuondoka katika shida yoyote kwa kunyoosha mkono. Mpe uwezo wa kuita upepo, lakini kila akiuita asahau sura ya mtu mmoja anayempenda. Sasa ana jambo la kufikiri kabla ya kuunyoosha mkono huo, nasi tunafikiri pamoja naye.

Shaaban Robert alilijua hili zamani. Nchi yake ya Kusadikika, katika kitabu cha mwaka 1951, iko angani, na ajabu hiyo peke yake ingetosha kumlewesha mwandishi mwingine. Lakini kinachomkaa msomaji moyoni ni baraza la hukumu, na Karama anayeshitakiwa kwa sababu ametaka watu wajifunze sheria. Nchi ile imekosa haki, na hadithi yote imetoka hapo.

Majina nitayapitia haraka. Yasome kwa sauti; likikukwaza ulimi wewe uliyelibuni, msomaji ataliruka. Na usimpe majina manane katika ukurasa wa kwanza.

Ukurasa huo wa kwanza ndipo wengi wanapotoa mhadhara wa jiografia na historia ya miaka elfu. Zuia hamu hiyo. Badala ya kuandika kwamba katika nchi fulani maji hupwa miezi sita, niliandika hivi: "Shamba la mama lilikuwa limebakiwa na siku tisa kabla ya kuwa bahari tena, na mtama wake ulikuwa haujatoa suke." Kanuni ya dunia imo humo, na mtu mwenye shida tayari amesimama shambani.

Ukimaliza sura ya kwanza, msomee mtu asiyependa fantasia kabisa: shangazi, fundi jirani, yeyote mwenye subira ya nusu saa. Usimweleze chochote kabla. Msikilize anauliza nini ukinyamaza. Akiuliza huyo mama atakula nini maji yakirudi, andika sura ya pili usiku huohuo.