Fanicha za Kwenda Kanada: Orodha Kwanza, Kontena Baadaye

Dada yangu alipohamia Toronto na familia yake, mimi ndiye niliyebaki Nairobi kusimamia mizigo. Tangu hapo watu hunipigia simu, na wengi huanza na bei ya kontena. Mimi huwauliza kwanza kama wameandika orodha.

Kanada humruhusu mhamiaji kuingiza vyombo vyake vya nyumbani bila ushuru, mradi alivimiliki na kuvitumia kabla ya kufika. Lakini orodha huonyeshwa forodha siku ile unapoingia mara ya kwanza, tena iwe na sehemu mbili: ulivyobeba na vitakavyofuata. Hata ukitua na sanduku la nguo tu, itoe hiyo ya pili, kwa sababu kitu kisichoandikwa kinaweza kutozwa ushuru kikija na meli. Dada aliandika yake chumba kwa chumba, akitaja thamani ya kila kitu, na kwa vifaa vya umeme akaongeza chapa na namba. Kuandika huko ndiko kulikompa moyo wa kuacha vitu vingi.

Melini unalipia nafasi. Kontena ya futi 20 ina takriban mita za ujazo 33. Usipoijaza, wakala atachanganya mizigo yako na ya wengine na kukutoza kwa kila mita ya ujazo. Sofa seti ya Ngong Road, ile yenye mikono mipana, hula nafasi kubwa kwa sponji na hewa. Iuze, hata kama unaipenda. Friji na mikrowevu pia ziache: umeme wetu ni volti 240, wa nyumba za kule ni 120. Kitanda cha mahogani cha kufunga kwa bolti ni habari nyingine, maana hufunguka kikalala bapa. Mwite fundi aliyekitengeneza akifungue mwenyewe, aandike namba kwenye kila ubao, na bolti azitie kwenye mfuko mdogo na kuufunga kwenye ubao wake.

Mbao za makreti lazima ziwe zimetibiwa dhidi ya wadudu na kugongwa muhuri wa kimataifa wa ISPM 15, kwa hiyo usimruhusu mtu akuundie kreti kwa mabaki ya mbao za soko la Gikomba. Baiskeli, jembe na viatu vya shamba vioshwe hadi chembe ya mwisho ya udongo itoke. Kanada ni wakali sana hapo. Kama una sanduku la kale la Lamu, nenda Makumbusho ya Taifa mapema, kwani vitu vya kale havitoki nchini bila kibali.

Wakala akikutajia bei, muulize inaishia wapi: bandari ya Mombasa, bandari ya kule, au mlangoni? Rafiki yangu alifurahia bei nafuu, kisha akadaiwa gharama za bandari na za ukaguzi upande wa pili, na mizigo ikakaa ghalani akitafuta pesa. Bima nayo isome yote, maana nyingine hulipa tu shehena nzima ikipotea, si meza ikivunjika mguu.

Nakala za orodha na hati ya shehena safiri nazo kwenye mkoba wa mkononi. Na ukishafika, usiuze wala kumpa mtu kitu ulichoingiza bila ushuru kabla ya miezi 12 kwisha, la sivyo ushuru wake utakuangukia wewe.