Kabla Hujalipenda Zulia la Nepal, Lipindue

Zulia langu la kwanza kutoka Kathmandu lilianza kutoa unga. Sisemi vumbi, maana vumbi la Tanga nalijua. Huu ulikuwa unga wa manjano, wa punje punje, na kila nikiliinua zulia nifagie chini yake nilikuta mwingine. Nikadhani ni wadudu, nikapulizia dawa. Unga ukaendelea. Mwaka wa pili kitambaa cha nyuma kikaanza kuachia pembeni, ndipo nikaona kilichokuwa kimefichwa: gundi ya mpira, imekaushwa na joto, inavunjika kama biskuti.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba muuzaji hakunidanganya. Aliniambia limetengenezwa kwa mkono, na kweli mkono ulikuwepo. Mtu alishika kifaa kama bastola, akadunga nyuzi kwenye turubai lililowambwa, akapaka gundi nyuma ili zisichomoke, kisha akabandika kitambaa juu ya gundi. Ila fundo halikuwemo hata moja. Ilikuwa kazi ya siku chache, nami nikailipa bei ya kazi ya miezi.

Nilifanya kazi Doha miaka saba, idara ya usafi wa vyumba hotelini, na wenzangu wengi walikuwa Wanepali. Mmoja wao, mwanamke wa kabila la Watamang aliyenizidi umri, nilimwita didi, yaani dada mkubwa, naye akaniita bahini, mdogo wake. Kabla ya kuja Ghuba didi alikuwa mfumaji wa mazulia Boudha, mtaa wa Kathmandu, pale penye lile kuba kubwa jeupe la Wabuddha lenye macho yaliyochorwa. Nilipomsimulia habari ya unga hakucheka, wala hakunipa pole. Aliuliza neno moja tu: "Ulilipindua?"

Sikulipindua. Nililipenda usoni nikalipa.

Likizo iliyofuata tulikwenda pamoja, na kabla ya duka lolote akanipeleka karakana. Nakushauri ufanye hivyo hivyo ukipata nafasi, hata kama hununui kitu. Karakana nyingi za Boudha, na zile za Jawalakhel upande wa Lalitpur ng'ambo ya mto Bagmati, zimezoea wageni. Ukishaona kazi yenyewe kwa nusu saa, maneno ya dukani hayakubabaishi tena.

Mtande, yaani nyuzi za pamba za msingi, umenyooshwa wima kama nyuzi za kinanda. Wafumaji wamekaa bega kwa bega, wawili, watatu, wanne kwa zulia moja pana, mchoro umetundikwa mbele yao. Mbele ya mtande mfumaji hulaza ufito wa chuma. Uzi wa sufu hupita nyuma ya nyuzi za mtande, hurudi mbele, huuzunguka ufito, kisha huenda kwa nyuzi zinazofuata. Mstari ukijaa, ufito umevaa vitanzi kutoka mwanzo hadi mwisho, na rangi hubadilishwa pale mchoro unapotaka. Hugongwa kwa nyundo ili mstari ukae chini. Kisha kisu hupita juu ya ufito, vitanzi vinakatika, ufito unachomoka, na manyoya ya zulia yanabaki yamesimama. Mshindio, uzi wa kukatiza mtande, hupitishwa, hugongwa tena, na mstari mwingine unaanza. Mle ndani ni makelele ya nyundo tupu, na nywele za sufu zinaelea hewani hadi puani. Didi alisema kikohozi cha kazi ile alihamia Doha nacho.

Hii ya kuzungusha uzi kwenye ufito, ambako kila mzunguko huhesabiwa fundo, ndiyo alama ya ufumaji wa Kitibeti. Waajemi na Waturuki hufunga fundo moja moja. Na hapa niseme jambo ambalo wauzaji hulipitia haraka: zulia tunaloliita la Nepal, kwa asili, ni la Watibeti. Watu wa milimani Nepal wana kitu chao cha sufu, radi, kizito na kigumu, ambacho hukanyagwakanyagwa kwa maji ya moto hadi kishikamane, na bado hutandikwa vijijini. Lakini biashara ya mazulia yenye mafundo ilikuja na wakimbizi waliovuka milima baada ya mwaka 1959. Kituo cha Jawalakhel kilianzishwa mwaka 1960 kwa msaada wa Msalaba Mwekundu na Waswisi ili wakimbizi wale wapate riziki kwa ufundi walioujua. Soko la Ulaya lilipofunguka, Watamang na watu wengine wa vilimani wakashuka mjini kujifunza, na leo wao ndio wengi kwenye mitande. Kwa hiyo muuzaji akikuapia kwamba zulia ni la mababu wa Nepal tangu enzi na enzi, tabasamu tu, endelea kukagua mgongo.

Sasa huo mgongo. Ukipindua zulia lenye mafundo, ua lililoko usoni utaliona na nyuma, limefifia kidogo lakini linasomeka, na utahisi vijiwe vya mafundo ukipitisha kidole. Hakuna kitambaa wala gundi. Ukikuta kitambaa kimeshonewa nyuma, muulize mwenye duka yuko tayari kukifungua pembe moja. Akikataa, aga kwa heshima. Usihangaike sana na matamvua. Watu hufundishwa kwamba zulia halisi lazima liwe na matamvua, lakini mazulia mengi ya Kitibeti hukunjwa mwisho na kushonwa kwa ndani, hayana matamvua kabisa, na matamvua ya kushonea baadaye yamejaa kwenye mazulia ya mashine.

Ukisharidhika kwamba mafundo yapo, yahesabu. Weka rula nyuma, hesabu mafundo ya inchi moja kwa upana na inchi moja kwa urefu, zidisha. Madaraja utakayoyasikia sana ni 60, 80 na 100 kwa inchi ya mraba. Chukua zulia la kipimo cha kawaida cha Kitibeti, futi 3 kwa 6, lile ambalo kwao hutandikwa juu ya kitanda au benchi la kukalia: kwa daraja la 60 lina mafundo zaidi ya 155,000. La daraja la 100 lina karibu 260,000. Ukiziweka hizo hesabu kichwani, bei haikushtui tena. Kinachokushtua ni urahisi uliopitiliza.

Lakini usidhani mafundo mengi ni bora siku zote. Wengi hapo ndipo hupotea. Mafundo mengi yanahitajika mchoro ukiwa na mambo madogo madogo, jani lenye mishipa, manyoya ya ndege, maji yanayotiririka. Mchoro wa zamani wa mistari minene na maua makubwa unapendeza kwa daraja la 60 na sufu nene, tena zulia la hivyo linavumilia watoto na viti vya plastiki kuliko lile laini. Mimi nilichukua la 60. Didi aliniunga mkono, mwenye duka akanuna.

Sufu yenyewe ishike kwa kiganja, isugue, kisha unuse mkono. Sufu ya kondoo wa nyanda za juu za Tibet ina mafuta yake ya asili na inang'aa bila kulazimishwa. Maji yakimwagika hukaa juu kidogo kabla ya kuzama, na kwenye nyumba ya wali na mchuzi hilo ni neema. Nyingi huchanganywa na sufu kutoka New Zealand, ambayo ni nyeupe zaidi na hupokea rangi za kupoa. Si kosa, ila uambiwe. Kuna pia nyuzi za allo, mmea wa milimani unaowasha kama upupu, ambao ganda lake huchemshwa na kusokotwa, na mazulia yake yana rangi kama ya mkonge. Mtu wa Tanga hawezi kuacha kuyapenda.

Jihadhari na "hariri ya mgomba" na ndugu zake. Nyingi ni viskosi, uzi wa kiwandani unaotokana na rojo la mbao. Unang'aa dukani kuliko hariri, na ukidondokewa na maji unabaki na doa la manjano milele. Omba uzi mmoja uliokatwa, uuchome kwa kiberiti. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua na moto hujizimia. Viskosi hunuka karatasi. Muuzaji mwaminifu atakuletea kiberiti mwenyewe. Kwa rangi, lowesha leso nyeupe, sugua sehemu nyekundu na sehemu ya buluu. Mazulia mengi hutiwa rangi za viwandani, na rangi nzuri ya kiwandani haina ubaya wowote. Lakini ukitozwa zaidi kwa jina la rangi za mimea, ulizia ni mmea gani: mizizi ya majitho hutoa nyekundu, maganda ya jozi kahawia, nili buluu. Asiyeweza kukutajia anauza neno. Ukiona sehemu moja imekolea kidogo kuliko nyingine, hilo ni sufuria mbili za rangi kukutana, na wapo tunaolitafuta hasa hilo.

Michoro ndiyo itakayokuyeyusha. Kuna fundo lisilo na mwanzo wala mwisho, samaki wawili wa dhahabu, kombe la baharini, yungiyungi, zote ni miongoni mwa alama nane za baraka za Kibuddha. Kuna simba wa theluji mwenye manyoya ya kijani shingoni, joka linalozunguka mawingu, na simbamarara aliyelazwa kama ngozi, ambaye zamani alikuwa kikalio cha malama, walimu wa dini wa Kibuddha, na cha wakubwa. Pembezoni utaona mawimbi yanapiga vilima, mchoro uliotoka China ukapanda milimani. Nilicheka nilipouona: watu wasio na bahari wanafuma mawimbi. Michoro ya siku hizi inakwenda kwenye mandhari zaidi, ukungu, miamba, maji ya barafu, bila mpaka wala ua, na mingi huagizwa na wabunifu wa Ulaya na Marekani. Mizuri, ila kama unataka mila ya mahali, ujue kwamba hiyo ni mitindo ya sebule za kwingine. Mimi naswali sebuleni, sikutaka kiumbe mwenye macho anitazame, nikachukua mawingu na yungiyungi kwenye uwanja wa nili.

Kuna swali jingine la kuuliza dukani, nalo huulizwa kwa sauti ya kawaida tu: nani alifuma? Miaka ya 1990 mazulia yalikuwa kati ya bidhaa kubwa kabisa za Nepal kwenda nje, Ujerumani hasa, na habari za watoto kwenye mitande ziliitikisa biashara nzima. Mwaka 1994 ukaanzishwa mpango wa RugMark wa kupinga kazi ya watoto kwenye mazulia, ambao mwanzilishi wake, Kailash Satyarthi wa India, alipata Nobeli ya Amani mwaka 2014. Tangu mwaka 2009 unaitwa GoodWeave. Zulia lililopita kwenye ukaguzi wake lina lebo yenye namba nyuma. Si kila zulia safi lina lebo, lakini lebo ikikosekana uliza na usikilize jinsi unavyojibiwa. Didi alikaa kwenye mtande akiwa na miaka kumi na moja. Hakunisimulia mengi. Alinionyesha tu kovu la kisu kwenye kidole cha shahada.

Ukitaka kuagiza la kipimo chako, tazama kalenda yao. Zulia likishafumwa huoshwa kwa maji mengi na kuanikwa juani, na kati ya Juni na Septemba mvua za masika yao hazikupi jua la kuaminika. Kisha inaingia Dashain, sikukuu yao kubwa, wafumaji wanarudi vijijini, mitande inanyamaza. Mwenye duka anayekuahidi zulia la Agosti kwa wiki tano, muulize atalianika wapi.

Kulisafirisha si shida. Langu la futi 3 kwa 6 lilibanwa likawa furushi la kilo kama nane, likaingia kwenye mzigo wa ndege. Tunza risiti inayotaja kipimo na malighafi, forodha wataiuliza.

Pwani kwetu adui ni unyevu na nondo. Nondo hutaga mahali pa giza pasipokanyagwa, chini ya kochi, kwa hiyo kila baada ya miezi michache ligeuze, lipate jua la asubuhi saa moja au mbili pande zote, jua la mchana litapausha rangi. Miezi ya kwanza litapukutisha manyoya. Ni kawaida, fagia taratibu kwa kufuata manyoya yanapolalia. Mashine ya kuvuta vumbi yenye brashi inayozunguka iweke mbali, nimeona ilivyonyoa mazulia ya hoteli. Kikimwagika kitu, gandamiza kitambaa kikavu, usisugue. Usilifue kwa sabuni ya unga. Ukitaka kulihifadhi, liviringishe kama mkeka, usilipige mikunjo. Na kabla hujaamua litazame mlango au dirisha, lizungukie: upande mmoja utaliona limekolea, upande wa pili limepauka, maana manyoya yamelala upande mmoja.

La kwanza, la unga, nimelitandika ghalani chini ya jenereta. Didi bado yuko Doha. Juzi alinipigia simu ya video, nikamwonyesha sebule, mawingu yametulia kwenye nili yao. Hakutazama mawingu. Akasema, "Bahini, nionyeshe mgongo," nikapiga magoti nikainua pembe, akasogeza uso kwenye simu akaanza kuhesabu kwa Kinepali, ek, dui, tin.