Unga na mitaa: kwa nini Manzese na si Masaki, wala Kigoma

Mkuu umeuliza kwa nini mateja, yaani waraibu wa heroini, wamejaa Dar na huku Kigoma hawaonekani, mwenzako akakujibu eti "Waha wana maadili". Mimi Muha wa Mwanga, Kigoma mjini, nimekula unga (ndiyo heroini yenyewe) miaka sita pale Manzese, Dar. Maadili tuyaache.

Mwaka 2006 mama alinitumia nauli nirudi. Treni inaingia Dodoma, arosto, yale maumivu ya kukosa unga, imeshanivunja mifupa. Tabora nilikuwa chini ya kiti najitapikia. Kushuka Kigoma tu nikaanza kusaka kete, kile kipakiti kidogo cha unga. Siku nne! Mwanga, Kibirizi, Ujiji sokoni, naonyeshwa bangi na gongo tu. Mwishowe nikapata jamaa anayeletewa kwa treni. Kete iliyokuwa buku (elfu moja) Manzese, kwake buku tatu, na ukiivuta unaona bora ungesonga ugali.

Mzigo wakati ule ulitoka Afghanistan, ukapakiwa majahazini pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, ukashushwa huku pwani kwetu. Reli mpaka Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200, na kila mkono unaopitia unamega na kuchanganya.

Ila umbali peke yake hautoshi. Masaki, mtaa wa matajiri wa Dar, iko baharini kabisa, mbona vijiwe viko Manzese? Na wateja wenye magari walitoka hukohuko wakatufuata sisi. Mkoloni aliikata Dar: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, Mnazi Mmoja pakaachwa wazi kuwatenga watu. Manzese imekua baadaye, lakini kwa akili ileile. Vichochoro defenda, gari la polisi, haipiti, vijana hawana kazi, kwa hiyo kusimama kona ukiangalia askari kwa malipo ya kete mbili ni ajira. Masaki ukisimama dakika kumi mlinzi anakuuliza unamtafuta nani.

Si kwetu tu. Mwanaanthropolojia Philippe Bourgois alikaa na wauza heroini wa Philadelphia, mtaa wa Wapuertoriko (watu wenye asili ya kisiwa cha Puerto Rico) ambako viwanda vilishafungwa. Mwaka 2014 yeye na wenzake wakaonyesha kuwa miji ya Marekani yenye ubaguzi mkali wa makazi na Wapuertoriko wengi ndiyo iliyokuwa na heroini safi kwa bei chee.

Kigoma haikukatwa hivyo: Mwanga ya wakati ule mwalimu, mvuvi na fundi baiskeli walitumia ukuta mmoja. Niliponunua ile kete ya kwanza huko Kigoma, nilifika nyumbani nikamkuta shangazi yake muuzaji ameketi barazani na mama.